Namna ya Kujizoeza Faragha na Kusoma Biblia Kila Siku: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wakristo wengi wamefundishwa kusoma Biblia na kuomba, lakini ni wachache waliofundishwa kukaa peke yao. Ndiyo maana mtu anaweza kuamka mapema, akafungua Biblia, akamaliza sura mbili, akaomba kwa dakika kadhaa, kisha akaondoka bila kukumbuka hata mstari mmoja wa alichokisoma. Hakukosa bidii. Macho yake yalikuwa kwenye ukurasa, lakini yeye mwenyewe bado alikuwa katikati ya watu: na mkuu wa kazi aliyemkaripia jana, na mtu anayemdai, na ujumbe alioufungua kabla hajatoka kitandani. Baada ya miaka ya kuwasaidia waumini kujijengea ibada ya binafsi, nimefikia msimamo mmoja ambao ndio unaoongoza maelezo yote yanayofuata: faragha na usomaji wa Neno ni zoezi moja, na faragha ndiyo inayotangulia.

Msingi wake uko katika sura ya kwanza ya Injili ya Marko. Kule Kapernaumu, katika siku moja ya sabato, Yesu alifundisha katika sinagogi, akamtoa mtu pepo mchafu, akamponya mama mkwe wa Simoni, na jua lilipokuchwa mji wote ukakusanyika mlangoni. Baada ya siku kama hiyo hakuna ambaye angemlaumu mtu kwa kuchelewa kuamka. Hata hivyo Marko anaandika kwamba alfajiri na mapema sana aliondoka, akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko. Simoni na wenzake walipompata walimwambia kwamba watu wote wanamtafuta, naye akajibu kwamba waende mahali pengine, katika vijiji vilivyo karibu. Alitoka faraghani akijua la kufanya, hata kama halikuwa lile ambalo mji mzima ulilitarajia.

Hatua ninazozieleza hapa hazina uzito sawa. Ya tatu na ya tano ndizo zinazowashinda wengi, kwa hiyo nimezipa nafasi kubwa kuliko nyingine.

Hatua ya kwanza: Weka saa moja na mahali pamoja

Amua saa na mahali kabla hujaamua utasoma nini. Mtu asiye na saa maalumu hujikuta kila siku akishindana upya na nafsi yake kuhusu kama atasoma au hatasoma, na katika mashindano hayo nafsi huwa na hoja nyingi.

Alfajiri inasifiwa sana, na kwa watu wengi ndiyo saa bora, lakini si amri. Kitabu cha Mwanzo kinasema kwamba Isaka alitoka kutafakari kondeni wakati wa jioni, na Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku. Saa nzuri ina sifa mbili tu: mwili wako uko macho, na hakuna mtu anayekuhitaji kwa wakati huo. Anayefanya kazi ya zamu ya usiku ahesabu saa yake kuanzia anapoamka, hata kama ni alasiri. Mama mwenye mtoto mchanga atumie usingizi wa kwanza wa mtoto, au wakubaliane na mume wake kwamba kila siku yeye atamshika mtoto kwa dakika kadhaa. Makubaliano hayo ya wazi husaidia kuliko kungoja nyumba itulie yenyewe.

Kuhusu mahali, Yesu alisema katika Mathayo 6:6 kwamba unaposali uingie katika chumba chako cha ndani na kufunga mlango. Wengi hawana chumba cha namna hiyo. Kiti kilichogeuzwa kuelekea ukutani kinatosha, vivyo hivyo jengo la kanisa kabla watu hawajafika, gari lililosimama, au njia tulivu ambayo mtu anaweza kuitembea taratibu. Jambo la lazima ni kwamba mahali pawe palepale, kwa sababu mwili hujifunza: baada ya wiki chache, kule kuketi tu katika kiti kile kutaanza kukutuliza. Waambie pia watu wa nyumbani kwamba katika dakika hizo hutaitika isipokuwa kwa jambo la dharura. Kujificha huzaa maswali. Kusema wazi huzaa heshima.

Kwa miezi ya mwanzo tenga dakika 20 na usizidishe, hata siku unayojisikia moto wa kuendelea. Tano ni za kunyamaza, kumi za kusoma, tano za kuomba. Anayeanza na saa nzima kwa kawaida huacha kabla mwezi haujaisha.

Hatua ya pili: Andaa usiku

Kabla ya kulala, weka Biblia mahali utakapoketi, ikiwa na alamisho kwenye ukurasa utakaoanzia. Weka kando yake daftari, kalamu na kipande cha karatasi kisicho na kazi nyingine. Matumizi ya karatasi hiyo yataonekana katika hatua ya tatu.

Simu ilale chumba kingine. Ikiwa ndiyo inayokuamsha, tafuta saa ya kengele, maana mkono unaoishika simu ili kuinyamazisha hauiachii kirahisi. Ikiwa Biblia yako iko ndani ya simu, pakua maandiko yote ili yasomeke bila intaneti, kisha uzime data na sauti za taarifa tangu usiku. Hata hivyo, kwa maoni yangu Biblia ya karatasi ina faida ambayo programu ya simu haiwezi kuifidia: haina kitu kingine cha kukuonyesha.

Hatua ya tatu: Nyamaza kabla ya kusoma

Keti wima, nyayo zikiwa sakafuni na mikono ikiwa juu ya mapaja, Biblia ikiwa bado imefungwa. Vuta pumzi taratibu mara kadhaa. Kisha sema kwa sauti ndogo maneno machache ya kujikabidhi. Mimi huwashauri watu watumie yale ambayo mzee Eli alimfundisha kijana Samweli: “Nena, BWANA, kwa kuwa mtumishi wako anasikia.” Baada ya hapo usiongeze neno. Dakika tano hizi si za kumweleza Mungu shida zako. Saa ya maombi inakuja.

Kitakachotokea kinafahamika mapema. Katika dakika ya kwanza utakumbuka jambo ulilosahau kulifanya, katika ya pili utakumbuka jingine, na katika ya tatu utaanza kupanga namna ya kuyafanya yote mawili. Hapo ndipo ile karatasi ya pembeni inapofanya kazi. Andika neno moja tu, kwa mfano “ada” au “barua”, kisha urudi kwenye ukimya. Akili hulirudia jambo kwa sababu inaogopa litasahauliwa, likishaandikwa, huliachilia. Wazo lisiloandikika, kama vile hofu au hasira, usipigane nalo wala usilifuate. Rudia yale maneno ya Samweli mara moja, kisha uendelee kukaa. Ikiwa umelazimika kurudi mara kumi ndani ya dakika tano, hukushindwa; kule kurudi ndiko kunakokuzoeza.

Kuna jambo zito zaidi ambalo wengi hawaambiwi. Ukimya huleta juu yale ambayo shughuli zilikuwa zimeyafunika: kinyongo cha zamani, aibu, msiba ambao hukupata nafasi ya kuulilia. Mtu hushtuka na kudhani kwamba faragha inamharibia amani, akarudi kwenye kelele. Ukweli ni kwamba mambo hayo yalikuwepo tangu mwanzo. Yataje mbele za Mungu kwa majina yake, moja moja, bila maelezo marefu, na mengine yaache kwa siku nyingine. Lakini ikiwa kila unaponyamaza unazama katika giza lisilokwisha, ukikosa usingizi, hamu ya chakula au hamu ya kuishi, usijilazimishe kukaa peke yako. Mwone mchungaji, mtu mzima wa imani unayemwamini, na daktari pia. Faragha ni zoezi la mtu mwenye watu wanaomzunguka. Aliyetengwa na wote anahitaji watu kwanza.

Habari za Eliya katika 1 Wafalme 19 zinafaa kusomwa na kila anayeanza hatua hii. Kabla ya kusikia “sauti ndogo, ya utulivu” katika mlima Horebu, alilala chini ya mti, malaika akamgusa na kumwambia ale, akala, akalala tena, akaamshwa na kula mara ya pili. Mungu hakuanza kwa kumkemea mtu aliyechoka. Ikiwa unasinzia kila siku kwenye ukimya, dawa ya kwanza huenda ikawa kulala mapema usiku.

Hatua ya nne: Chagua kitabu kimoja na ukae nacho

Usifungue Biblia popote inapojifungukia. Njia hiyo humfanya mtu asome Zaburi zilezile na nyaraka zilezile maisha yake yote, na humzoesha kuuchukulia mstari kana kwamba ni bahati nasibu.

Upande wa pili wako wanaoanza na mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka mmoja. Mpango mmoja maarufu wa aina hii uliandaliwa mwaka 1842 na Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee huko Uskoti, kwa ajili ya ushirika wake: sura nne hivi kwa siku, ambapo Agano la Kale husomwa mara moja kwa mwaka, na Agano Jipya pamoja na Zaburi mara mbili. Ni mpango mzuri, na unatumika hadi leo. Lakini Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189, na mtu ambaye hajawahi kusoma kwa mfululizo akibebeshwa sura tatu au nne kila siku, mara nyingi huishia katika Mambo ya Walawi akiwa na deni la sura ishirini na moyo mzito. Mipango ya mwaka ninaishauri kwa aliyekwisha kuizoea saa yake, si kwa anayeitafuta.

Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16, visa vyake ni vifupi, na mwandishi hana maneno mengi. Soma kisa kimoja kwa siku, takribani mistari kumi hadi kumi na mitano, na Marko atakuchukua kama miezi miwili. Usijifunge kwa mipaka ya sura. Mgawanyo wa sura tulio nao unahusishwa na Stephen Langton, askofu mkuu wa Canterbury huko Uingereza, aliyeishi hadi mwanzoni mwa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya iliwekwa namba na mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551. Waandishi wenyewe hawakuiweka. Ukisoma Marko 8 ukasimama mwishoni mwa sura, utakuwa umekata maneno ya Yesu katikati, kwa sababu mstari wa kwanza wa sura ya 9 ni mwendelezo wa mafundisho yaleyale. Fuata kisa, si namba.

Pamoja na kitabu hicho, chukua Zaburi moja kila siku kwa ajili ya maombi, au kipande chake ikiwa ni ndefu. Usiongeze kitabu cha tatu, wala kitabu cha mafundisho, wala mahubiri ya kusikiliza; mshika mawili moja humponyoka, sembuse manne.

Hatua ya tano: Soma kisa hicho mara tatu

Nitaonyesha hatua hii kwa kutumia Marko 10:46-52, habari ya Bartimayo, ili msomaji aone kazi yenyewe inavyofanyika. Ni mistari saba tu.

Mara ya kwanza, soma kwa sauti, taratibu, bila kusimama. Kusoma kwa sauti ni desturi ya zamani sana. Katika Matendo 8, Filipo alijua kwamba yule Mwethiopia anasoma nabii Isaya kwa sababu alimsikia akisoma garini mwake. Sauti hupunguza mwendo wa macho na kuyazuia yasiruke maneno yanayojulikana. Lengo la mara hii ni kukijua kisa tu: Yesu anatoka Yeriko na umati mkubwa, kipofu anayeombaomba ameketi kando ya njia, anapaza sauti, anaitwa, anaponywa, anafuata.

Mara ya pili, soma kimyakimya ukiwa na kalamu, na uandike unachokiona, si unachokihisi. Nani yupo? Nani anasema? Nini kinarudiwa? Nini kinashangaza? Hapa watu huwa na haraka ya kurukia swali la “hili linanifundisha nini”, nami huwazuia kwa makusudi, kwa sababu mtu anayekimbilia funzo hupata funzo alilokuja nalo. Kaa na kisa. Utaona kwamba wengi walimkemea Bartimayo ili anyamaze, lakini baada ya Yesu kusema “Mwiteni”, walimwambia ajipe moyo na kuinuka. Utaona kwamba Yesu alisimama, ingawa alikuwa njiani kwenda Yerusalemu. Utaona kwamba kipofu alitupa vazi lake kabla hajapata kuona, jambo ambalo ombaomba asiyeona hafanyi ovyo, kwa kuwa hana hakika ya kulipata tena. Na utaona mwisho wake: aliambiwa aende zake, naye akamfuata Yesu njiani.

Ukiwa umekisoma kitabu kwa mfululizo, kuna kitu kingine kitakachokugusa. Swali ambalo Yesu anamwuliza Bartimayo, “Wataka nikufanyie nini?”, alikuwa amekwisha kuwauliza Yakobo na Yohana mistari kumi na mitano nyuma yake, katika 10:36. Wao waliomba kuketi mmoja kulia kwake na mmoja kushoto katika utukufu wake. Kipofu aliomba kuona. Marko ameyaweka maswali hayo karibu bila kutoa maelezo, na msomaji aliyefungua Biblia mahali popote asingeuona ukaribu huo. Ndiyo sababu ya ile hatua ya nne.

Mara ya tatu, soma polepole zaidi, na usimame pale panapokushika. Wakati mwingine ni sentensi nzima. Wakati mwingine ni kitendo kidogo, kama lile vazi lililotupwa. Rudia maneno hayo kwa midomo mara kadhaa. Usiyalazimishe yaseme jambo kubwa. Zipo siku ambazo hakuna kinachokushika kabisa, na siku hizo zimehesabiwa pia kama siku za kusoma. Neno lililosomwa bila kusisimka limesomwa.

Usipoelewa jambo, andika swali kwenye daftari na uendelee. Mwethiopia aliulizwa kama anaelewa anayoyasoma, akakiri kwamba hawezi bila mtu wa kumwongoza, kisha akamkaribisha Filipo apande aketi naye. Maswali yako yapeleke kwa mchungaji, kwa mwalimu wa Biblia au kwenye kikundi chenu cha kujifunza, na uyatafute katika kitabu cha ufafanuzi baada ya saa yako, si ndani yake. Na ukipata wazo jipya ambalo hakuna Mkristo mwingine aliyewahi kuliona katika andiko hilo, lishuku.

Hatua ya sita: Jibu ulichosoma

Sasa omba, lakini maombi yaanzie kwenye andiko. Baada ya kisa cha Bartimayo, ombi la kwanza ni kujibu lile swali: unataka ufanyiwe nini? Lijibu kwa sentensi moja ya kweli. Wengi hugundua hapo kwamba wamekuwa wakiomba kwa miaka mingi bila kusema wanachokitaka hasa, au kwamba wanachokitaka kinafanana zaidi na ombi la Yakobo na Yohana. Kisha waombee wengine, kwa majina, wasizidi watatu au wanne. Tumia Zaburi ya siku hiyo pale maneno yako yanapokwisha.

Dakika ya mwisho iachie ukimya tena. Guigo II, mtawa Mkartusi wa karne ya 12, aliueleza mwendo huu kwa ngazi nne: kusoma, kutafakari, kuomba, na kutulia mbele za Mungu. Ngazi ya nne haipandwi kwa nguvu, kwa hiyo mimi husema tu: baki umeketi kidogo baada ya “Amina”.

Hatua ya saba: Andika kidogo, beba kidogo

Katika daftari andika tarehe, andiko, na mistari miwili au mitatu: kilichokushika na ulichokiomba. Usiandike insha, na usiandike kana kwamba mtu mwingine atasoma. Nakili sentensi moja ya andiko kwenye karatasi ndogo, uiweke mfukoni, na uisome tena mchana na kabla ya kulala. Zaburi ya kwanza inamsifu mtu anayeitafakari sheria ya BWANA mchana na usiku, na sioni namna nyingine ambayo mtu mwenye kazi anaweza kulitimiza hilo.

Hatua ya nane: Jua la kufanya siku zinapoharibika

Ukikosa siku moja au nne, usilipe. Anza pale ulipoishia, na kisa kimoja tu. Deni la sura ndilo linalowaua wasomaji wengi wa Biblia, maana huigeuza saa ya kukutana na Mungu kuwa saa ya kufanya hesabu.

Ukikatizwa katikati, kwa mfano mtoto akiamka au mgeni akibisha hodi, inuka umhudumie bila kinyongo. Katika Marko 6, Yesu aliwaita wanafunzi waende kwa faragha wakapumzike kidogo, lakini watu wakatangulia kwa miguu na kufika kabla yao. Aliwahurumia, akawafundisha, akawalisha watu elfu tano. Lakini soma hadi mstari wa 46: baada ya kuagana nao, alikwenda mlimani kuomba. Faragha iliahirishwa, haikufutwa. Tafuta jioni dakika zako zilizobaki.

Ukavu ni jambo jingine. Zitakuja wiki ambazo maandiko yanaonekana kama maneno matupu na maombi hayapiti dari. Usibadilishe mpango kila siku ukitafuta ladha. Fanya kinyume chake: chukua andiko fupi na ukae nalo kwa wiki nzima. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kijerumani, aliwafundisha hivyo wanafunzi wa uchungaji huko Finkenwalde, katika seminari iliyofungwa na polisi wa siri wa Hitler mwaka 1937: nusu saa ya kutafakari kila asubuhi, mistari michache, ileile kwa siku saba. Baadhi yao walilalamika mwanzoni, na huenda wewe pia utalalamika. Na kama huna la kusema kabisa, omba Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila kutoa jibu lolote. Imo katika Biblia kwa ajili ya siku hizo.

Hatua ya tisa: Ongeza faragha ya nusu siku

Zoezi la kila siku likishasimama, tuseme baada ya miezi mitatu, tenga nusu siku ya kuwa peke yako, na uirudie kila baada ya miezi mitatu au minne. Nenda mahali ambapo hutaonana na watu wanaokufahamu, na umwambie mtu mmoja uliko na saa utakayorudi. Beba Biblia, daftari lako lenye maandishi, na maji. Kufunga si lazima. Vitabu vingine na kazi za ofisini vibaki nyumbani.

Saa ya kwanza usifanye lolote la kiroho kwa bidii. Tembea, au lala ukihitaji. Kisha soma waraka mmoja mzima kwa sauti bila kusimama. Wafilipi una sura nne na huchukua chini ya nusu saa, na wengi waliousikia vipande vipande kwa miaka hawajawahi kuusikia kama barua. Baada ya hapo soma daftari lako tangu mwanzo. Hiyo ndiyo sehemu yenye faida kuliko zote, kwa sababu mambo uliyoyaandika siku tofauti bila kuyaunganisha yataanza kuonyesha mwelekeo: ombi linalojirudia, jina la mtu usiyemsamehe, agizo ulilolisoma mara tatu na kuliahirisha. Andika mambo mawili utakayoyafanya ndani ya wiki hiyo, na moja kati yake limhusu mtu mwingine.

Wengine huhofia kwamba mazoezi haya yatawatenga na watu. Antoni wa Misri, mtawa wa kale ambaye maisha yake yaliandikwa na askofu Athanasio, aliishi peke yake karibu miaka 20 katika ngome iliyoachwa jangwani, na alipotoka alifundisha, akapatanisha wenye ugomvi na kuwafariji wenye huzuni. Safari yake yenyewe ilianzia kanisani, aliposikia Mathayo 19:21 ikisomwa mbele ya watu wote. Kwa hiyo ibada ya Jumapili isipunguzwe kwa kisingizio cha faragha. Andiko linalosomwa pale ni sehemu ya chakula chako cha wiki.

Ukimaliza Marko, pumzika kwa kukaa juma moja katika Zaburi peke yake, kisha uchukue kitabu cha Agano la Kale chenye masimulizi, kama vile Ruthu au Mwanzo, na baada yake waraka mmoja. Agano Jipya lote lina sura 260, kwa hiyo sura moja kwa siku tano za juma hulimaliza kwa mwaka, na siku mbili zinabaki kwa ajili ya kurudia ulipokwama. Katika hatua hiyo unaweza kuongeza muda kutoka dakika 20 hadi 30, na dakika kumi zinazoongezeka uzigawe sawasawa kati ya ukimya wa mwanzo na maombi, bila kuongeza mistari ya kusoma.